Kupika Wali kwa Umeme Huku Milimani

Wakulima wengi wa skimu za Kericho na Bomet sasa wana umeme nyumbani. Tangu mwaka 2015, serikali ilipoanzisha mpango wa kufikisha umeme vijijini, nyumba nyingi zimepata mita ya tokeni pamoja na lile bodi dogo la ukutani lenye soketi na taa. Basi bonasi ya chai inapolipwa, Bwana na Bibi huketi na kuulizana: tununue chombo gani cha kutusaidia nyumbani? Chombo kimoja ambacho watu hukitamani ni sufuria ya umeme ya kupikia wali, ile ambayo madukani huitwa raiskuka.

Sufuria hiyo ni chombo kizuri. Lakini wako watu ambao wameinunua kwa fedha nyingi, na baada ya mwezi mmoja imepandishwa juu ya kabati, eti wali wake una kiini kigumu. Mara nyingi sufuria haina ubovu wo wote. Shida ni kwamba maagizo yake yaliandikwa kwa ajili ya watu wanaokaa mahali pa chini, nasi tunakaa juu milimani. Ukijua jambo hilo moja, utakula wali mzuri. Usipolijua, utapoteza fedha, mchele na tokeni.

FIKIRI KABLA YA KUNUNUA

Usinunue chombo kwa sababu jirani anacho. Jiulize kwanza: nyumba yetu hupika wali mara ngapi kwa mwezi? Unga wa kimyet hutoka katika mahindi ya shamba lako mwenyewe, lakini mchele ni wa kununua. Kama mnapika wali siku ya Krismasi tu na siku wageni wanapokuja, sufuria ya kawaida na jiko la makaa zinatosha. Kama watoto wengi wapo nyumbani nanyi mnapika wali mara mbili au tatu kwa juma, hapo sufuria ya umeme ina maana.

Kumbuka pia kwamba sufuria hii haitapika kimyet, kwa kuwa kimyet yataka kusongwa kwa mkono na moto mkali. Haifai kwa maharagwe makavu pia, maana yataka kuchemka kwa muda mrefu sana, na maji yake hufurika na kulowesha chombo. Kwa hiyo moto wa kuni utabaki nyumbani mwako. Mtu akikuambia kwamba sufuria ya wali itaondoa kuni zote, anataka kukuuzia tu.

Faida yake ni nini basi? Ni wakati. Katika nyumba ya mkulima wa chai, mama huingia shambani asubuhi mapema, mchana hubeba majani hadi kituo cha kupimia, tena hungoja lori la kiwanda. Akirudi nyumbani jioni amechoka, na watoto wana njaa. Sufuria hii humruhusu kuweka mchele na maji, kubonyeza, kisha kukamua ng'ombe au kuosha watoto, bila kupuliza moto wala kukaa katika moshi.

Lakini ada ya shule na deni la mbolea yatangulie. Usikope fedha kwa ajili ya sufuria.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Sufuria ya umeme ya kujizima yenyewe ilianza kuuzwa na kampuni ya Toshiba huko Japani mwaka 1955. Fundi aliyeitwa Yoshitada Minami ndiye aliyeitengeneza, na mkewe, Fumiko, ndiye aliyepika na kupima, mara nyingi sana, mpaka ikajulikana ni wakati gani hasa moto yafaa uzimwe. Bibi huyo alijua jambo ambalo kila mpishi yapasa alijue: chombo hujaribiwa mahali kinapotumika.

Sufuria za kawaida za siku hizi, zile zenye kitufe kimoja, hufanya kazi hivi. Chini ya chungu cha ndani kuna sahani ya kupashia joto. Katikati ya sahani hiyo kuna kidude cha duara kinachoinuka kwa springi, na ndani yake mna sumaku. Ukibonyeza kitufe, sumaku hushika na umeme hupita. Maadamu kuna maji chunguni, chungu hakiwezi kupata joto kupita lile la maji yanayochemka. Mchele ukisha kunywa maji yote, joto la chungu hupanda upesi. Likipita kidogo nyuzi 100, sumaku huishiwa nguvu, springi huiachia, na kitufe huruka kwenda upande wa kutunza moto.

Basi elewa vizuri: sufuria haijui kama wali umeiva. Haihesabu dakika. Inajua neno moja tu, kwamba maji yamekwisha. Ukitia maji machache, itajizima na wali ungali mbichi.

KWA NINI WALI HUCHELEWA KUIVA KWETU

Mji wa Kericho uko karibu meta 2,000 juu ya bahari. Kadiri unavyopanda mlima ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Kisumu, penye kama meta 1,130, huchemka kwa nyuzi 96 hivi. Kericho huchemka kwa nyuzi 93 hivi, na Bomet si mbali na hapo. Hata uongeze moto namna gani, maji hayatapata joto kuliko hilo. Yatazidi kurukaruka na kutoa mvuke tu.

Kwa hiyo mchele wetu hupikwa kwa maji yenye joto pungufu. Wataka wakati zaidi, na wakati huo mvuke unapotea. Ndiyo maana kipimo cha maji kinachomtosha mtu wa Kisumu hakikutoshi wewe. Tena, sumaku husubiri mpaka chungu kipite nyuzi 100, nayo maji yetu yalikuwa 93. Mwendo huo wa kutoka 93 hadi kupita 100 ndio unaofanya ukoko chini ya chungu. Ukiona ukoko mzito kuliko ule wa sufuria ya ndugu yako aliye pwani, usishangae. Kama huupendi, zima mwenyewe mara mvuke unapopungua.

NAMNA YA KUCHAGUA

1. Ukubwa. Ya lita 1 yatosha watu watatu au wanne. Ya lita 1.8 yatosha watu sita hadi wanane. Usinunue kubwa mno. Wali kidogo katika chungu kipana hukauka.

2. Umeme. Tazama kibandiko chini ya sufuria. Kenya hutumia volti 240. Mtoto aliye Marekani akikutumia sufuria ya volti 120, au ya Japani ya volti 100, usiichomeke kamwe, itaungua mara moja. Plagi iwe ya miguu mitatu bapa kama soketi zetu.

3. Alama ya ubora. Tafuta alama ya KEBS. Chombo cha bei ya chini mno kisicho na alama hiyo huenda kina waya mwembamba ndani. Rahisi ghali.

4. Kitufe. Kwetu, ambako umeme hukatika mara kwa mara, ile ya kitufe kimoja ni bora kuliko ile yenye vitufe vingi na saa. Haina mengi ya kuharibika, na fundi wa sokoni aweza kuitengeneza.

5. Chungu cha ndani. Kiwe kizito, kikae barabara bila kuyumba. Mwambie mwenye duka aichomeke mbele yako na kupasha maji kidogo.

NAMNA YA KUPIKA

Kikombe kinachokuja na sufuria ni kidogo, mililita 180 tu. Mistari iliyochorwa ndani ya chungu hufuata kikombe hicho. Ukipima mchele kwa kikombe chako cha chai, kisha ukafuata mstari wa ndani kwa maji, kipimo kitakuwa kibaya. Tumia kikombe kimoja kwa mchele na kwa maji vile vile, wala usitegemee mistari.

Chagua na osha mchele mpaka maji yawe meupe kidogo tu. Kisha pima maji hivi:

Mchele wa pishori wa Mwea: vikombe 3 vya mchele kwa vikombe 5 vya maji.

Mchele wa Ahero usio na harufu: vikombe 3 vya mchele kwa vikombe 6 vya maji.

Sasa fuata neno hili ambalo ni la maana kuliko yote: acha mchele ulale katika maji hayo nusu saa kabla ya kubonyeza kitufe. Maji yakiisha kuingia katika kiini cha punje, punje huiva hata kwa nyuzi 93. Tia chumvi na mafuta kijiko kimoja, futa nje ya chungu kwa kitambaa kikavu, kiweke mahali pake, funika, bonyeza.

Usifunue kila mara, maana kila ukifunua unapoteza mvuke. Kitufe kikiruka, usipakue. Acha ndani dakika 15, mvuke umalize kazi. Ukionja na kiini bado ni kigumu, nyunyizia robo kikombe cha maji ya moto, funika, bonyeza tena.

Mara ya kwanza pika kidogo. Ukiona mgumu, ongeza maji kidogo siku ya pili. Ukiona rojorojo, punguza. Kipimo kikikupendeza, kiandike katika karatasi na kuibandika ukutani, ili hata mtoto mkubwa apike kwa kipimo hicho hicho.

GHARAMA YA TOKENI

Sufuria ya lita 1.8 hula kama wati 700. Ikipika dakika 40, imekula chini ya nusu yuniti. Tazama risiti yako ya tokeni, ujue yuniti moja ni shilingi ngapi, nawe utapata hesabu mwenyewe. Lakini sufuria ikiachwa upande wa kutunza moto, hula kama wati 50 kila saa. Ukiiacha hivyo saa 12, imekula yuniti 0.6, yaani kupita ile ya kupikia. Wali ukiisha kuliwa, chomoa.

HATARI ZA KUEPUKA

Soketi moja ya kawaida hubeba ampia 13. Birika la umeme la wati 2,200, pasi ya wati 1,200 na sufuria ya wati 700, vyote katika waya mmoja wa kuongezea, ni ampia 17. Waya utapata moto ndani ya ukuta wa mbao, na nyumba yaweza kuteketea usiku. Chomeka sufuria peke yake katika soketi ya bodi. Usivute umeme kwa waya kutoka kwa jirani.

Sisi ni watu wa radi na mvua ya mawe. Ngurumo zikianza, chomoa. Umeme ukikatika katikati ya kupika, chomoa pia, uhamishe wali katika sufuria ya kawaida ukamalizie juu ya jiko. Sufuria iliyosahauliwa ikiwa imebonyezwa huanza tena umeme unaporudi, labda wewe uko kituoni na majani, na watoto wako peke yao.

Iweke mbali na ukingo wa meza, waya usining'inie. Mvuke wa tundu la kifuniko huunguza mkono wa mtoto mara moja. Usitumbukize mwili wa sufuria ndani ya maji. Osha chungu cha ndani na kifuniko tu, bila kukwangua kwa chuma. Tazama sahani ya joto kila mara: punje moja iliyoanguka hapo huinua chungu, na sumaku haitapata joto sawasawa.

WALI ULIOBAKI

Ndani ya mchele huwamo vijidudu ambavyo havifi kwa kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu saa nyingi, vijidudu hivyo huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto tena. Huleta kutapika na kuhara. Basi wali uwe wa moto kabisa, au uwe umepoa kabisa. Usiuache usiku kucha katika sufuria iliyozimwa, ukawapa watoto asubuhi kabla ya shule. Pika unaotosha, uliobaki utandaze katika sinia upoe upesi, uweke kwenye friji kama unayo, uliwe kesho yake. Asiye na friji asilaze wali.

MKUMBUKE

Kikombe kimoja kwa mchele na maji. Maji zaidi kwa sababu ya mlima. Nusu saa ya kulowesha kabla, dakika 15 za kungoja baada. Soketi peke yake, na kuchomoa kila mara. Mkulima anayejua kwamba chai yake hupenda mahali pa juu ajue pia kwamba mahali hapo hapo panabadili upishi wa mchele wake.