Boti ya Familia Inapovuta Taratibu: Tatizo ni Pembe, Si Nguvu

Sehemu ya Pili

Juma lililopita tulizungumzia kamba, ski na tyubu zinazofaa kila umri. Leo tunaigeukia boti yenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Mtoto anayejifunza ski anatosheka na kasi ya kilomita 21 hadi 25 kwa saa. Boti nyingi za familia, zile za futi 17 hadi 20 zenye mashine moja ya kupachika, haziipendi kasi hiyo. Omo inainuka mpaka nahodha haoni mbele, tezi inadidimia, na nyuma linatanda wimbi kubwa lisilomfaa mwanafunzi. Nahodha akiongeza mafuta, boti inalala ghafla na kuchomoka hadi kilomita 35. Akipunguza, inadidimia tena. Kamba inalegea, kisha inakaza kwa kishindo, na mtoto anaanguka.

Mwenye boti huona mashine yake ni dhaifu, akaanza kuulizia bei ya kubwa zaidi. Mara nyingi anakosea. Mashine inayoweza kuifikisha boti kilomita 60 kwa saa haikosi nguvu ya kuipeleka 25. Kinachokosekana ni egemeo la kutosha upande wa tezi, na dawa yake nyingine haigharimu hata senti.

Mlima wa maji

Boti inapokwenda polepole hubebwa na maji inayoyasukuma pembeni, na kila inapopita huacha wimbi. Kasi ikiongezeka, wimbi hilo linarefuka. Mhandisi Mwingereza William Froude alilichunguza jambo hili katika karne ya 19 kwa kuvuta vielelezo vya meli ndani ya birika refu huko Torquay. Tuchukue boti ambayo sehemu yake iliyomo majini ina urefu wa mita 5.5. Ikifika kama kilomita 10.5 kwa saa, wimbi lake linalingana nayo kwa urefu: kilele kimoja kiko omoni na kingine tezini. Ikifika kilomita 20, wimbi limekuwa na urefu wa karibu mita 20. Kilele cha nyuma kimeshaachwa mbali, tezi imo bondeni, na boti inapanda mlima iliouumba yenyewe.

Kasi ikizidi hapo, maji yanayolipiga tumbo la boti kutoka chini yanaanza kuinyanyua, nayo inateleza juu yake. Nguvu hiyo ya kunyanyua hufuata mraba wa kasi. Boti ikipunguza mwendo kutoka kilomita 40 hadi 25, pembe yake ikiwa ileile, nguvu hiyo inabaki kiasi cha asilimia 39 tu, ilhali uzito haukupungua hata kilo moja. Kwa hiyo boti inafidia kwa kuinua omo ili tumbo liyakabili maji kwa pembe kali zaidi. Mwaka 1964 Daniel Savitsky, mtafiti wa Stevens Institute huko New Jersey, Marekani, alichapisha hesabu ambazo wasanifu wa boti wanazitumia hadi leo. Kwa boti nyingi za namna hii, pembe yenye nafuu ni kati ya digrii 3 na 5. Ikizidi sana, ukinzani unapanda na tezi inazama.

Ndiyo maana kasi ya kati haitulii. Boti ikishavuka ule mlima, ukinzani hupungua au husita kukua, hivyo mafuta yaleyale yaliyokuwa yakiisukuma kwa shida sasa yanaikimbiza.

Anayetaka kubeba uzito uleule kwa kasi ndogo hana budi aongeze eneo linaloegemea maji. Ralph Samuelson, kijana wa miaka 18, alilijua hilo kwa vitendo mwaka 1922 alipoanzisha mchezo wa ski za majini katika Lake Pepin, jimboni Minnesota. Alivaa mbao za urefu wa futi 8 na upana wa inchi 9. Boti yenye tumbo pana na bapa nayo huteleza mapema kuliko yenye tumbo la V kali, ingawa ile ya V hukata mawimbi kwa ulaini zaidi. Tumbo hulibadilishi baada ya kununua. Mengine yote yanabadilika.

Kwanza pima

Chagua asubuhi isiyo na upepo. Panda kasi hadi boti ilale vizuri, kisha punguza mafuta kidogo kidogo huku ukiangalia kipima kasi cha GPS, hata kile cha simuni. Andika kasi ambayo omo inaanza kuinuka na mwendo kufa. Hiyo ndiyo kasi ya kudondoka. Baada ya hapo badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, ukiwa na watu walewale na mafuta yaleyale, halafu pima upya. Anayebadilisha matatu kwa mpigo hajui lipi limemsaidia.

Uzito

Mashine ya nguvu farasi 115 ina zaidi ya kilo 160, nayo imening'inia nje kabisa ya tezi. Karibu nayo kuna betri na tangi. Lita 100 za petroli ni kama kilo 74. Juu ya hayo, watu wazima hupenda kukaa kiti cha nyuma ili wamtazame mtoto. Boti inakuwa kama mkokoteni uliopakiwa nyuma: mipini inainuka na msukumaji anapoteza nguvu bure.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme boti, mashine, mafuta na watu ni kilo 1,300. Watu wawili wa kilo 75 kila mmoja wakisogea mbele mita 3, kitovu cha uzito kinasogea mbele karibu sentimita 35. Kwa boti ya mita 5.5 hilo ni badiliko kubwa, na halina gharama. Nanga, maboya na sanduku la vinywaji navyo vihamie mbele. Kausha maji yaliyotuama chini ya sakafu, kwani kila lita ni kilo nzima na hukimbilia tezini omo inapoinuka. Lisugue tumbo pia. Ukoga na chaza huongeza ukinzani.

Usipitilize, lakini. Omo iliyolemewa hunywa maji boti inaposimama ghafla na wimbi lake lenyewe likaifikia. Abiria akae kitini, asikae ukingoni na miguu ikining'inia. Marekani, boti nyingi za burudani zilizo chini ya futi 20 huwa na kibao kinachotaja uzito na idadi ya watu, kiheshimiwe.

Mashine na propela

Wakati wa kuvuta taratibu, shusha mashine ndani kabisa kwa swichi ya kuinamisha. Msukumo wake unaelekea juu kidogo, tezi inanyanyuka na omo inashuka. Wengi husahau swichi hiyo baada ya kuinua mashine kwa safari ya kasi.

Kisha tazama propela. Nambari kama 19 iliyochongwa juu yake ni inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Nambari kubwa huipa boti kasi ya juu na kuinyima nguvu ya kuvuta. Kushuka inchi moja huongeza mizunguko ya mashine kwa takriban 150 hadi 200 kwa dakika, basi soma kwanza kitabu cha mashine usije ukavuka kikomo. Propela ya mapanga manne hushika maji vizuri zaidi ya ile ya matatu kwa mwendo mdogo, na zile zilizochongwa kwa kazi hiyo huinyanyua tezi. Utapoteza kidogo kasi ya juu, ambayo mvuta watoto haihitaji.

Vibao na bawa

Kama bado kasi ya kudondoka haijashuka vya kutosha, ongeza eneo. Vibao vya trimu ni mabamba mawili ya chuma au plastiki yanayofungwa kwa bawaba nyuma ya boti, kushoto na kulia. Vikiinamishwa, vinarefusha tumbo na kuinyanyua tezi. Mafundi wengi hukadiria inchi moja ya upana wa kila kibao kwa kila futi ya boti, nafasi ikiruhusu. Vingine huendeshwa kwa swichi. Vingine vina springi ya gesi: kwa mwendo mdogo springi hukisukuma kibao chini, na kwa mwendo mkubwa maji hukirudisha juu.

Njia ya bei nafuu ni bawa la plastiki linalofungwa kwenye bati lililo juu ya propela. Husaidia, ila aghalabu huhitaji kutoboa bati hilo na huiongezea mzigo nyumba ya gia. Ulizia dhamana kabla ya kushika keekee. Vibao vikibaki chini au bawa likizidi nguvu katika kasi kubwa, omo huchimba maji na boti huweza kugeuka ghafla bila usukani kuguswa. Inua vibao kabla ya kuongeza mwendo.

Haya hayawahusu wenye ski peke yao. Boti za faiba zinazopeleka wageni Mnemba, Unguja, hufuata kanuni ileile: abiria wakijazana tezini, mashine inakula mafuta bila boti kulala.

Onyo moja halina mjadala. Usimruhusu mtu ateleze kwenye wimbi karibu na tezi ya boti yenye mashine ya kupachika, kwani propela iko nyuma yake hapo hapo. Zima mashine kila unapomfuata aliye majini, na nahodha afunge kamba ya kuzimia mashine. Marekani, tangu Aprili 2021, kufunga kamba hiyo ni sharti la sheria kwa boti nyingi zilizo chini ya futi 26.

Kwa ufupi, fuata mpangilio huu: watu na mizigo, swichi ya kuinamisha, propela, vibao. Ukifika mwisho wa orodha na kasi ya kudondoka bado iko juu ya 25, hapo ndipo mazungumzo ya mashine au boti nyingine yanapoanza.

Juma lijalo: ishara za mikono kati ya anayevutwa, mtazamaji na nahodha.