Dissidia kwenye PSP: pigano tamu, njia ndefu

Kama uko na PSP, ile mashine ndogo ya Sony ya kushika mkononi, na rafiki anataka kukuazima Dissidia Final Fantasy, soma kwanza hii. Batri yako itaisha mbele mchezo uishe.

Square Enix ya Japani iliutoa mwezi wa 12 mwaka 2008; huku kwingine ulifika 2009. Ulikuwa kama sikukuu ya miaka 20 ya Final Fantasy, michezo ya hadithi za upanga na uchawi iliyoanza 1987. Walichukua shujaa mmoja na adui mmoja katika kila mmoja wa michezo kumi ya kwanza, wakaongeza wawili wa kufichwa: jumla 22. Mashujaa wako upande wa Cosmos, wabaya upande wa Chaos.

Sasa, utamu uko wapi? Katika michezo mingi ya kupigana, kila ngumi inapunguza uhai. Hapa hapana. Kuna namba mbili: uhai na ushujaa. Kifungo cha duara kinapiga ushujaa wa mwenzako, na kile unachomnyang'anya kinaingia kwako. Kifungo cha mraba ndicho kinagusa uhai, na kinaukata sawasawa na ushujaa ulio nao saa ile.

Tuseme adui amebaki na uhai 1.500 na wewe uko na ushujaa 900. Ukimpata, anabaki na 600, lakini ushujaa wako unaanguka kwenye sifuri na inabidi usubiri kidogo upande tena. Wakati huo uko uchi. Afazali uendelee kukusanya hadi 1.500 umumalize na pigo moja? Lakini yeye pia anakunyang'anya. Na kama ushujaa wa mmoja unashuka chini ya sifuri, mwenzake anazoa akiba yote ya uwanja. Mtu aliyekuwa karibu kufa anageuza mambo kwa sekunde mbili. Mimi nimekwisha kupoteza hivyo mara nyingi, juu ya tamaa tu.

Tena kila mpiganaji ana tabia yake. Exdeath anatembea pole pole kama mzee, anangoja umpige ili akurudishie. Kefka anatupa moto wenye kupinda pinda. Jecht lazima akukaribie, lakini akikushika, utalia. Na kumpiganisha na Tidus, mtoto wake wa kuzaa, kuna uchungu wake.

Shida inaanza pigano likiisha. Hadithi inachezwa juu ya ubao kama wa dama: unasogeza kijipicha, kila hatua inakula pointi, ukizitumia ovyo tuzo inapungua. Bao tano kwa kila shujaa, mashujaa kumi, na bila kuwamaliza wote kumi hauoni mwisho. Ukishamzoea mmoja hadi akawa na nguvu, mwengine anaanza kwenye daraja la 1. Na unaopigana nao njiani, wengi ni sanamu za kioo zenye sura ya wapiganaji wale wale. Hapo ndipo wengi wanafunga mashine.

Kamera nayo inasumbua. Wapiganaji wanaruka juu ya kuta na nguzo, na mukiingia kwenye kona hauone tena nani anapiga nani. Kungoja kupakia pia kunachosha, hata kama unaweza kuweka sehemu ya data kwenye kadi ya memori ili kupunguza.

Kucheza na rafiki ndiyo raha yenyewe, lakini PSP mbili lazima ziwe karibu, kila moja na mchezo wake. Na kama yeye yuko daraja la 100 na wewe la 20, hakuna pigano pale. Mupatane kwanza mutumie wapiganaji wenye daraja moja.

Mwaka 2011 ilikuja ya pili, Dissidia 012. Sasa unatembea kwenye ramani ya dunia, na unaweza kumwita mwenzako akusaidie katikati ya pigano. Kama unachagua moja tu, azima hiyo. Mimi ningali na ya kwanza: nimebakiza mashujaa watatu, na batri iko nusu.