Kwa Nini Tunatafuta Kijidudu Kisichoua



Bomba linapofungwa kwa sababu ya vipimo, watu hukasirika, na wana haki. Mama amepanga bidoni zake tangu alfajiri, kisha anaambiwa maji hayafai. Anayatazama: ni maangavu, hayana harufu. Anauliza, "Nani ameugua?" Hakuna. Basi kwa nini yamefungwa?

Kinyesi cha mgonjwa hubeba vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na vingine vingi. Kutafuta kila kimoja ndani ya maji ni kazi ghali ya siku nyingi. Kwa hiyo wapimaji hutafuta bakteria mmoja tu, Escherichia coli, aliyeelezwa na daktari Theodor Escherich mwaka 1885. Anaishi katika utumbo wa kila mtu mwenye afya, pia wa ng'ombe, mbuzi na kuku. Gramu moja ya kinyesi ina mamilioni yake. Aina zake nyingi hazidhuru, ingawa chache huleta kuhara kukali. Akionekana majini, tunajua kinyesi kimeingia, tena si zamani sana, kwani nje ya tumbo hadumu. Njia iliyompitisha yeye itapitisha kipindupindu siku mgonjwa wa kwanza atakapotokea. Dalili ya mvua ni mawingu, nasi tunapima mawingu. Waliokuwa Goma Julai 1994 wanajua mvua yenyewe: karibu wakimbizi 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara.

Mliokaa Bujumbura, kumbukeni Kinanira, kusini mwa jiji. Maji ya REGIDESO yakikatika, mtu huchukua bidoni akatafuta kwingine. Mto Muha unateremka kutoka milimani, unapita kati ya makazi, unaingia Ziwa Tanganyika. Baada ya mvua una matope na kila mtu anauogopa. Kiangazi unang'aa, na hapo ndipo watu hudanganyika, kwa sababu bakteria haonekani kwa macho wala hana ladha. Januari 2023 Wizara ya Afya ya Burundi ilitangaza mlipuko wa kipindupindu, na Bujumbura ilikuwamo.

Sasa kipimo chenyewe. Mpimaji huchoma mdomo wa bomba kwa moto ili asije akahesabu uchafu wa mikono yetu. Hachezi! Hupitisha mililita 100, chini ya nusu ya glasi, katika karatasi yenye vitundu vidogo mno, na bakteria hubaki juu yake. Karatasi hulazwa juu ya chakula cha bakteria na kuwekwa katika joto la nyuzi 44, ambalo bakteria wengi wa udongo hawaliwezi. Kila bakteria mmoja huzaana mpaka anakuwa doa la njano, nasi tunahesabu madoa. Shirika la Afya Duniani linataka sifuri. Madoa huhitaji usiku mzima kukua, ndiyo maana majibu hayatoki siku ileile. Yule mnayemwona na kichupa kinachogeuka rangi ya waridi anapima klorini iliyobaki majini, na jibu lake ni la papo hapo. Inatakiwa miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita.

Hata hivyo sifuri si kiapo. Giardia, kijidudu kingine cha kuhara, huvumilia klorini kuliko E. coli, na kijidudu cha kipindupindu kinaweza kuishi chenyewe ziwani bila kinyesi kipya. Kuchemsha huua vyote hivyo, lakini kuni tunazijua.

Kuna jambo moja zaidi. Mara nyingi maji huwa safi bombani, kisha yanachafukia nyumbani: bidoni ina utelezi ndani, au mtoto anachovya kikombe kwenye ndoo. Kwa hiyo tutapita pia majumbani kuchukua maji kidogo. Tafadhali, usisuuze bidoni kwanza, wala usikimbilie bombani kuteka mapya. Tupe yale ambayo watoto wameyanywa asubuhi. Majibu hayapunguzi chakula cha mtu wala hayaandikwi kwenye kadi yake. Madoa yakionekana, tutarudi kesho yake kukuonyesha namna ya kuosha bidoni kwa klorini.