SOMO LA REDIO: Kuunga Nyaya za Kompyuta

Fungueni madaftari. Leo tutaunga nyaya za kompyuta ya mezani.

Kwanza, zimeni umeme, mchomoe waya ukutani. Guseni chuma cha sanduku, umeme wa mwilini usije ukaharibu chombo.

Pili, utazameni ubao mkubwa wa ndani. Mafundi huuita mazabodi. Plagi pana yenye matundu 24 huleta umeme wa ubao. Plagi ya matundu 4 au 8 ni ya prosesa, yaani ubongo wake. Ikikataa kuingia, msiilazimishe.

Tatu, nyaya nyembamba za mbele. Someni herufi zake. POWER SW ni swichi ya kuwashia, haichagui upande. POWER LED ni taa ndogo, hiyo huchagua. Maji ya Mto Morogoro hushuka, hayapandi. Vivyo hivyo umeme wa taa hutoka chanya kwenda hasi. Mkizigeuza, taa haiwaki.

Lakini plagi ya USB ikikosewa yaweza kuunguza chombo. Basi msibahatishe. Herufi ni chache, nanyi sasa mwaweza kuzisoma.

Swali: Waya upi hauchagui upande? Kwaherini.