Taa ya Ambulansi Iliyokufa Bado Ina Kazi



Katika kila garaji kuna kona ya vitu vilivyokufa. Hapa kwetu Mulongwe, kandokando ya barabara kubwa inayotoka Kavimvira kwenda Kalundu, ukichungulia nyuma ya garaji utaona milango isiyo na gari, radiata zilizotoboka, viti vilivyoliwa na panya. Na mara nyingine utaona juu ya rundo hilo taa moja ndefu ya plastiki, rangi ya bluu au nyekundu, imepasuka upande mmoja. Ni taa iliyokaa zamani juu ya ambulansi. Wengi wetu tunaiita jirofari.

Kijana mmoja wa korali yetu ni fundi wa umeme wa magari. Siku moja aliniita nikiwa napita.

“Baba Pasta, kuya uone. Hii ambulansi motere ilikufa, lakini taa zake ziko nzima. Minataka nizitie mu kasha moja, tuikamate nyuma ya kioo cha ile gari ya kituo cha afya.”

Kweli nilifikiri ni mchezo. Lakini nilikaa naye jua lote la mchana juu ya debe, nikaona kwamba ni kazi yenye akili. Tena nikaona kwamba ndani yake kuna jambo moja ambalo si la waya wala la batri. Nitalifikia.

Kwa nini ndani, si juu?

Taa ya juu ya gari ina maadui wengi. Mvua inaingia, vumbi la bonde la Ruzizi linaingia, matawi ya miembe yanaivunja, na gari ikilala nje mwizi anaifungua kwa dakika tano. Tena mtu akitoboa bati la juu vibaya, mvua inamnyeshea mgonjwa ndani.

Kasha la ndani ni kitu kingine. Ni sanduku jembamba la bati au plastiki ngumu, wazi upande wa mbele, linalofungwa nyuma ya kioo kikubwa, karibu na vile vibao vya kumkinga shofa na jua. Yale ya viwandani yametengenezwa ili yakae katika gari ya aina yoyote: vishikio vyake vinarefushwa na kufupishwa, na sanduku lenyewe linageuzwa kufuata mlalo wa kioo. Kwetu sisi faida kubwa ni kwamba linahama. Gari za wagonjwa hazitoshi. Mara nyingi mzazi mwenye uchungu anachukuliwa katika gari ya kuazima. Kasha likiwa na waya wenye kichwa cha kuchomeka mahali pa kuwashia sigara, linafungwa kwa dakika chache, na kazi ikiisha linaondolewa.

Ubaya wake nao tuuseme. Taa ya ndani inaonekana mbele tu, wala haionekani pembeni kama ile ya juu. Na kioo chenye kivuli cheusi kinaimeza.

Kwanza ujue umeshika taa gani

Taa za zamani zina kabila tatu, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni ile inayozunguka: ampuli ya halojeni katikati, motere ndogo, na kioo cha kuakisi kinachoizunguka. Hiyo haifai kuingia katika kasha jembamba. Inahitaji nafasi ya kuzunguka, tena inatoa joto jingi, plastiki itainama. Chukua motere yake na vioo vyake kwa kazi nyingine.

Ya pili ni taa ya kumulika kama umeme wa radi, yenye bomba la kioo lililojaa gesi ya zenoni. Hapa vijana nisikilizeni vizuri. Batri ni ya volti 12, ndiyo, lakini ndani ya taa hiyo kuna chombo kinachoipandisha hata kufika mamia ya volti. Na kuna kitu kinachohifadhi umeme huo: hata ukizima, hata ukikata waya, umeme unabaki ndani kwa muda. Anayetia kidole anaweza kutupwa chini. Kama hukufundishwa namna ya kuumaliza umeme huo, mwachie anayejua.

Ya tatu ni LED. Hizi ndizo zinazofaa. Ni vipande vidogo vyenye mgongo wa alumini, na mgongo huo si pambo: ndio unaotoa joto nje. Ukiufunika kwa kitambaa au gundi nene, taa itakufa polepole. Kijana wetu alizifunga juu ya kipande cha alumini kilichotoka kwenye fremu ya dirisha, joto likapata njia.

Mbele ya kuziunga na batri alifanya jambo lililonifurahisha. Alichukua ampuli ndogo ya wati 5 akaiweka katikati ya njia ya umeme. “Kama mu kipande kuko kosa,” aliniambia, “hii ampuli itawaka sana, lakini hakuna kitu kitaungua.” Ni hekima ya bei ndogo. Nusu ya ampea haipiti hapo, hivi hata kipande kibovu hakiwezi kuwasha moto. Vilevile alisoma maandishi ya nyuma ya kila kipande, kwa sababu lori nyingi zina volti 24 na gari ndogo nyingi zina 12. Vipande vingine havina ndani yake kidhibiti cha umeme. Kazi hiyo ilifanywa na sanduku jingine lililobaki kwenye gari ya zamani. Ukiviunga na batri moja kwa moja, vitawaka mara moja tu, ya mwisho. Na ukiona waya wa tatu, mara nyingi ni wa kuchagua namna ya kumweka. Kama huutumii, ufunge kichwa chake, usiguse bati.

Sasa hesabu, kwa wale wanaopenda shule. Ampuli mbili za halojeni za wati 55 ni wati 110. Gawa kwa volti 12: zaidi ya ampea 9, bila kuhesabu motere. Batri ya ampea-saa 70 itakuwa imekwisha kabla ya saa 8, na gari itakataa kuwaka mbele ya hapo. Vipande vinne vya LED vya wati 10 kila kimoja ni wati 40, yaani ampea 3 na kidogo. Fyuzi ya ampea 5 inatosha, na iwekwe karibu na batri, si karibu na taa. Gari iliyosimama usiku mlimani kwa kukwama inajua tofauti hiyo.

Rangi

Kosa moja wanalofanya mafundi wengi: wanatoa ampuli nyeupe chini ya kifuniko cha bluu, wanatia LED ya manjano. Taa haionekani! Kifuniko cha bluu kinapitisha bluu tu. Ampuli ya zamani ilikuwa na rangi zote ndani yake, ingawa bluu yake ilikuwa kidogo. LED ya rangi ina rangi yake tu. Basi kifuniko kiwe cheupe au kiwe cha rangi ileile.

LED ya bluu yenyewe ilisumbua wataalamu miaka mingi. Nyekundu zilikuwako tangu miaka ya 1960, lakini bluu yenye nguvu ilipatikana mwanzo wa miaka ya 1990 kwa kazi ya Wajapani watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, nao walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014.

Na kwa nini ambulansi iwe na bluu? Desturi hiyo ilianzia Ujerumani mwaka 1938. Walijitayarisha kwa vita, wakataka taa isiyoonekana kirahisi na ndege. Kumbe rangi iliyochaguliwa kwa kujificha ndiyo leo inasema “Nipisheni!” katika nchi nyingi. Si zote: Japani ambulansi ina taa nyekundu. Ndiyo sababu gari kuukuu za Japani zinazofika kwetu, zile zenye usukani upande wa kuume, zinakuja na nyekundu, na zile za Ulaya zinakuja na bluu.

Manjano ya chungwa haiombi njia. Inasema tu, “Angalieni, hapa kuna hatari.” Ndugu zetu wa karieri kubwa wanaijua: gari ndogo inayoingia shimoni inabeba taa ya manjano na bendera juu ya fimbo ndefu, kwa kuwa shofa wa lile lori kubwa, aliyekaa juu kama juu ya nyumba, haoni kitu kilicho karibu na magurudumu yake.

Mtu wa bluu

Sasa lile jambo. Tulipokuwa bado tunafunga skurubu, akaja mfanyabiashara mmoja na gari safi. Alitazama kasha, akacheka, akamwita kijana pembeni. Aliporudi kijana uso wake ulikuwa umebadilika.

“Baba Pasta, anataka moja ya bluu. Mu gari yake mwenyewe. Anasema ku barieri watakuwa wanamwacha apite.” Akataja bei. Ilipita minervali ya watoto wake wawili.

Nisiseme uongo: sikuwa na jibu la haraka. Ni rahisi kumhubiri mtu mwenye njaa ukiwa umekula. Nilikaa kimya, yeye akakaa kimya. Halafu nikamwuliza tu: askari wa barieri akidanganywa na bluu leo, kesho na keshokutwa, siku gani atachoka? Na siku atakapochoka, gari gani itakayosimamishwa usiku ikiwa na mama anayetoka damu?

Mimi naona hivi: taa ya bluu ni neno, na neno hilo linaaminiwa na watu wote kwa pamoja. Anayelitumia kwa uongo haibi kwa serikali tu, anaiba kwa mgonjwa. Mapatano ya Vienna ya 1968 juu ya mwendo wa barabarani yaliweka bluu kwa gari zenye haki ya kutangulia na manjano kwa zile zinazoonya hatari. Nasi tuna sheria yetu ya barabara, namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Kwa hiyo hata gari ya kituo cha afya haikufungiwa bluu mpaka muuguzi mkuu alipokwenda kuuliza ofisini na kurudi na karatasi.

Kijana alimwambia yule bwana kwamba atamtengenezea ya manjano kwa lori lake linaloharibika njiani kila mara. Bwana akaondoka. Hajarudi. Labda amepata fundi mwingine; garaji ni nyingi.

Tusidharau hiyo manjano. Wazee wa barabara hii hawajasahau Sange, tarehe 2 Julai 2010. Lori la mafuta lilipinduka jioni, watu wakakimbilia kuchota, wengine walikuwa karibu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya watu 230. Sisemi taa ingewaokoa. Mtu maskini akiona mafuta yanamwagika haangalii taa. Lakini lori lililopinduka gizani bila alama yoyote linawaita watu badala ya kuwafukuza. Na usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto wetu Mulongwe ulipofurika, makumi ya watu wakafa na nyumba nyingi zikabomoka. Ukiwa na kasha linalohama, unaweza kulipachika katika gari yoyote ukaisimamisha mbele ya daraja lililokatika, shofa anayekuja akapunguza mwendo.

Jioni ya kujaribu

Tulilijaribu lile kasha giza lilipoingia. Mara ya kwanza ilikuwa aibu: mwanga ulirudi kutoka kwenye kioo ukampiga shofa machoni, hakuona barabara. Kijana alikata mpira wa ndani wa gurudumu, akauzungusha mdomoni mwa kasha hata ukagusa kioo pande zote. Mwanga ukaacha kurudi.

Vipande vile vilikuwa vinameka mbio sana, kama disko. Akapunguza. Kanuni namba 65 ya Umoja wa Mataifa, ile ya Geneva, inataka mara 2 hadi 4 kwa sekunde, na ni vizuri: mbio kupita hapo inasumbua macho, na mwenye kifafa anaweza kuanguka. Halafu alilishusha kasha kidogo, akaona linamziba shofa asione mlima, akalipandisha tena.

Mimi nilitembea hatua 200 kuelekea daraja nikageuka. Ilionekana vizuri, kupita hata taa kubwa za gari. Mama mmoja aliyebeba mihogo alisogea kando bila kuambiwa.

Sasa kijana anatafuta vipande viwili vingine kwa kioo cha nyuma, maana gari hiyo ikisimama njiani, anayekuja nyuma bado haoni kitu. Mwenye ambulansi iliyokufa katika kiwanja chake asiuze taa kwa kilo pamoja na vyuma.