Kujiandaa kwa Usaili wa Ualimu wa Kiingereza

Akaaye Kajaga, kando ya barabara iendayo Gatumba na mpaka wa Kongo, husikia Kirundi nyumbani, Kiswahili barabarani na Kifaransa shuleni. Kiingereza kimechelewa kufika. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2014 Kiingereza kikafanywa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa. Askari wetu waliotumwa Somalia kuanzia 2007, wakitumikia pamoja na Waganda, waliijua thamani yake mapema. Leo wamo katika kaya zao waombao nafasi za kusomea ualimu wa lugha hiyo, na usaili ndio uwatiao hofu.

Wengi hukesha wakikariri maneno magumu. Msaili hatafuti hayo. Kozi ya CELTA ya Cambridge, kwa mfano, ambayo asili yake ni kozi iliyoanzishwa London mwaka 1962, ina saa zisizopungua 120, na kwa saa 6 mwombaji aliyekubaliwa hufundisha wanafunzi halisi. Basi msaili ataka kujua: je, waweza kuliona kosa na kumweleza asiyejua?

Hapo Mrundi ana akiba kubwa. Mwanafunzi wa kwetu husema "I have seen him yesterday." Asiyejiandaa atajibu kuwa ni kosa, basi. Aliyejiandaa ataeleza kwamba sentensi hiyo imefuata Kifaransa, "je l'ai vu hier", ambako umbo hilo hufaa hata kwa jambo la jana. Lakini Kiingereza, wakati uliokwisha ukitajwa, hutaka "I saw". Kisha achore mstari wa wakati na kutia nukta mahali pa jana. Kadhalika "library" si duka la vitabu, kama "librairie", bali ni maktaba. Na kwa wanaochanganya r na l, kuna "rice" na "lice": mchele na chawa. Darasa halitasahau!

Huulizwa pia utapokeaje kukosolewa mbele ya wenzako, maana kila somo la majaribio huchambuliwa. Mzoefu wa gwaride hatapata taabu hapo, mradi asijibu "ndiyo, afande" na kunyamaza. Atoe mfano wa kosa aliloonyeshwa na jinsi alivyobadili kazi yake.

Zoezi la nyumbani ni rahisi. Chukua makosa matano katika madaftari ya watoto, umweleze kila moja mwenzi wako asiyejua Kiingereza, kwa dakika mbili. Asipoelewa, rudia kwa njia nyingine. Siku yenyewe, kwa kuwa mafuta ya magari yamekuwa haba mara nyingi miaka hii, mtu wa Kajaga aondoke alfajiri.