Waya za radio ndani ya milango ya kamioneti

Tunaulizwa mara mingi: sababu gani radio ya kamioneti ya zamani inanyamaza upande mmoja? Tutazame kwanza kwenye bawaba. Mlango unafunguliwa na kufungwa kila siku, na waya uliovutwa sana unakatika palepale. Basi tunauacha ulegee kidogo, na tundu la chuma tunalivika mpira.

Mbele ya kutoboa, tunafungua waya wa batri wenye alama ya −, tena tunateremsha kioo tuone kinapita wapi.

Lakini jambo kubwa ni hili. Motokari nyingi za zamani zilikuwa na waya mmoja tu wa kwenda spika. Njia ya kurudi ilikuwa bodi lenyewe. Radio za sasa hazitaki vile hata kidogo. Kila spika ipate waya zake mbili, na hata mmoja usiguse chuma. Ukigusa, radio inaweza kuungua, na franga zimekwenda bure.

Kujua + ya spika, tunagusisha batri ya tochi ya volti 1.5, kidogo tu: karatasi ikiruka mbele, + ya batri iko pa + ya spika. Tukigeuza mlango mmoja, sauti nzito zinapungua. Kwaya itasikika kama iko ndani ya debe.